Kupiga Piano Jukwaani: Majibu kwa Wanaouliza Waanzie Wapi

Swali ni lile lile, ila linakuja kwa sura nyingi. Mzazi anauliza kama binti yake, anayepiga kinanda kanisani, anaweza siku moja kupiga Beethoven mbele ya okestra. Kijana wa chuo anauliza kama amechelewa. Mwingine ametazama video ya Martha Argerich akipiga koncheto ya Tchaikovsky, sasa anataka kujua ni miezi mingapi ya mazoezi itampa vidole vyenye kasi ile.

Niseme mapema kwamba hilo la kasi ndilo swali linalowapoteza wengi. Kazi ya mpiga piano wa jukwaani huanzia masikioni. Vidole hutii kile ambacho sikio limekwisha kukitaka, na sikio lisilotaka kitu halipati kitu hata vidole vikikimbia namna gani. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo.

## Kazi yenyewe ikoje

Kabla ya kumlipia mtoto ada, ujue unamwandaa kwa ajili ya nini.

- Onyesho la peke yake. Ni dakika 70 hadi 90 za muziki, mtu mmoja jukwaani, na kwa kawaida bila karatasi ya nota mbele yake.
- Koncheto. Hapa anapiga na okestra. Koncheto ya Mozart huchukua kama nusu saa, na ile ya pili ya Brahms hufikia dakika 50. Mazoezi ya pamoja na okestra mara nyingi ni mawili, pengine moja.
- Piano ya mwenyeji. Mpiga violini husafiri na chombo chake. Mpiga piano hukikuta chombo ukumbini siku ile ile, akapewa saa chache za kukizoea.

Jambo hili la mwisho halizungumzwi vya kutosha. Piano moja ina vibao vizito, nyingine vyepesi. Moja inanguruma chini, nyingine ina sauti kali juu. Aliyezoea kusukuma vidole bila kusikiliza hupotea mbele ya chombo kigeni, lakini anayesikiliza hujirekebisha ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo usimfungie mwanafunzi kwenye piano moja. Mpeleke apige ya shuleni, ya hotelini, ya kanisani, hata mbovu, mradi atambue tofauti.

## "Je, nimechelewa?"

Inategemea unachelewa kufika wapi. Wengi wa wanaozunguka dunia wakipiga peke yao walianza kabla ya miaka minane. Mashindano makubwa ya kimataifa nayo huweka kikomo cha umri cha miaka 30 au karibu na hapo. Ukianza kutoka sifuri ukiwa na miaka 18, uwezekano wa kuishi kwa maonyesho ya peke yako ni mdogo sana, na atakayekuambia vinginevyo huenda ana ada ya kukusanya.

Lakini yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba kukosa mafunzo rasmi utotoni si sawa na kukosa muziki. Sviatoslav Richter, aliyezaliwa mwaka 1915, alijifunza mengi peke yake na kufanya kazi ya kusindikiza waimbaji wa opera mjini Odessa. Aliingia darasa la Heinrich Neuhaus mjini Moscow mwaka 1937, akiwa na miaka 22. Alikuja kuhesabiwa miongoni mwa wapiga piano wakubwa kabisa wa karne ya 20. Kumbuka tu kwamba alifika darasani akiwa tayari anaweza kusoma opera nzima kwa macho na kuipiga.

La pili ni kwamba kazi za piano ni nyingi kuliko ile ya kukaa jukwaani peke yako, na kwa baadhi yake kuanza na miaka 18 si kuchelewa. Nitazitaja mbele.

## Kwa wanaotoka kwenye kinanda cha kanisani

Wengi wenu mmelelewa kwenye kwaya, na huo ni mtaji. Mnasikia sauti nne kwa pamoja, mnajua besi inakwenda wapi, na hamwogopi watu. Ila kuna vikwazo viwili.

Kwanza, waliozoea tonic solfa lazima wajifunze nota za mistari mitano, tena bila kukawia. Usiitupe solfa, kwa kuwa inakupa uhusiano wa sauti na sauti. Lakini Bach hakuandikwa kwa herufi za d, r, m.

Pili, na hiki ndicho kigumu, kwenye kinanda sauti huendelea muda wote kidole kikiwa chini. Kwenye piano, nyundo ndogo iliyofunikwa kwa manyoya yaliyoshindiliwa hugonga waya na kurudi. Tangu hapo sauti inakufa, na huna namna ya kuiongezea nguvu. Mpiga piano anaposifiwa kwamba chombo chake "kinaimba", ujue ameficha kufa huko kwa ustadi ambao msikilizaji hauoni.

Fanya zoezi hili kila siku kwa dakika tano:

1. Piga sauti moja ya katikati, kwa nguvu ya wastani, na usikilize mpaka inakaribia kwisha.
2. Piga sauti ya pili kwa nguvu ile ile iliyobaki kwenye ya kwanza, si zaidi.
3. Endelea hivyo kwa sauti nne au tano mpaka zisikike kama pumzi moja.
4. Kisha piga akodi ya sauti tatu, na ile ya juu peke yake itokeze kuliko mbili za chini.

Wanafunzi hulichoka zoezi hili kwa sababu halina mbwembwe. Hata hivyo, sijaona jingine linalomtenganisha haraka hivi mpiga kinanda na mpiga piano.

## Piano ya kuanzia

"Hatuna uwezo wa kununua piano halisi." Sawa. Piano ya umeme inatosha kwa miaka ya mwanzo, kwa masharti haya:

- Iwe na vibao vyote 88.
- Vibao viwe vizito, vyenye kurudi kama vya piano ya nyundo. Kibodi ya bendi yenye vibao vyepesi itamharibu mkono mtoto.
- Iwe na pedali halisi ya kukanyaga, iliyotulia chini.
- Angalau mara moja kwa wiki mwanafunzi apate piano ya waya, hata kama ni ya kuomba shuleni au kanisani.

Ukinunua piano ya waya iliyotumika, nenda na fundi. Mwambie aangalie kama vishikizo vya waya vimelegea, maana vikilegea haitashika tyuni tena. Aangalie pia ufa kwenye ubao wa nyuma, kutu, nondo kwenye manyoya na mchwa kwenye miguu. Kwa mliopo Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, adui mkubwa ni unyevunyevu. Hutia waya kutu na kuvimbisha mbao mpaka vibao vinagoma kuinuka. Usiiweke piano dirishani wala mbele ya kiyoyozi, na uityuni mara mbili kwa mwaka.

## Mwalimu

Mwombe akupigie kitu. Mwalimu wa piano asiyepiga piano mbele ya mwanafunzi ana upungufu ambao maneno hayaufidii. Kisha uliza wanafunzi wake hupiga vipande vingapi kwa mwaka. Akijibu vitatu, yaani vile vya mtihani tu, endelea kutafuta.

Hapa kwetu wengi hufuata mitihani ya ABRSM, ambayo ina ngazi nane. Ni ngazi nzuri za kupandia, na siku hizi baadhi ya mitihani hiyo hufanywa kwa kutuma video, jambo linalowafaa walio mbali na miji mikubwa. Jihadharini na mambo mawili:

- Kabla ya ngazi ya sita hutakiwa uwe umefaulu ngazi ya tano ya nadharia ya muziki au mbadala wake unaokubalika. Wengi hukwama hapo kwa kuwa hawakuambiwa mapema.
- Ngazi ya nane si kilele. Kwa anayetaka jukwaa, hapo ndipo anapoanza kuwa na vifaa vya kazi.

Kosa ninalolisikitikia zaidi ni la mzazi anayempandisha mtoto ngazi kila mwaka. Mtoto anapata vyeti, ila ukimpa ukurasa mpya wa Haydn hawezi kuusoma. Afadhali abaki ngazi moja miaka miwili akipiga vipande ishirini tofauti.

## Saa moja ya mazoezi

Saa moja ikipangwa vizuri inashinda tatu za kurudiarudia wimbo kutoka mwanzo. Jaribu mpangilio huu:

1. Dakika 10: skeli na lile zoezi la sauti nililokueleza. Polepole.
2. Dakika 10: kusoma kwa macho kitu kipya, chepesi kuliko uwezo wako, bila kusimama hata ukikosea.
3. Dakika 25: sehemu ngumu. Chagua vipimo vinne tu, vile visanduku vilivyotengwa kwa mistari ya wima. Mkono mmoja mmoja, kisha yote miwili kwa nusu ya kasi. Ukiweza mara tano mfululizo bila kosa, songa mbele.
4. Dakika 10: jirekodi kwa simu ukipiga ukurasa mmoja, kisha usikilize ukiwa na nota mkononi na penseli.
5. Dakika 5: piga kitu unachokipenda.

Hatua ya nne hurukwa na karibu kila mtu, kwa kuwa inauma kujisikia ulivyo. Mpiga piano Alfred Brendel aliacha masomo rasmi akiwa na miaka 16, na baada ya hapo alijifunza sana kwa kujirekodi na kujisikiliza. Alifika kurekodi sonata zote 32 za Beethoven. Yeye alitumia mashine ya kanda, wewe una simu mfukoni.

## Makosa yanayojirudia

- Kukanyaga pedali ya kulia mfululizo. Pedali hiyo huziachia huru waya zote, na sauti zinachanganyikana. Jifunze kipande chote bila pedali kwanza, kisha uiongeze ukisikiliza besi. Besi ikibadilika, mguu nao ubadilike.
- Kuanza kila mara mwanzoni. Ukurasa wa kwanza unang'aa na wa mwisho unatetemeka. Jifunze kutoka mwisho kurudi nyuma.
- Kurukia vipande vikubwa. Kabla ya balladi za Chopin kuna mazurka zake. Kabla ya fuga za Bach kuna invensheni 15 za sauti mbili. Mikrokosmos ya Bartók ina vipande 153 katika vitabu sita, kuanzia vya mtoto anayeanza kabisa, na inafundisha midundo ambayo sisi huielewa haraka.
- Kutumia chapa yoyote ya nota. Nota za bure zipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, lakini baadhi ni chapa za zamani ambazo mhariri ameongeza alama zake. Kwa kipande unachokiandaa kwa umakini, tafuta chapa ya Henle au Bärenreiter.
- Kuiga rekodi moja. Sikiliza watatu au wanne. Sonata moja ya Schubert mkononi mwa Richter na mkononi mwa Mitsuko Uchida itakuonyesha kwamba nota zile zile zina nafasi ya maamuzi mengi.

Nyongeza kwa walimu: msiwape wanafunzi wetu Ulaya peke yake. Akin Euba wa Nigeria na J. H. Kwabena Nketia wa Ghana waliandika muziki wa piano uliojengwa juu ya midundo ya Kiafrika, na Fred Onovwerosuoke ana mkusanyiko wa mazoezi 24 ya midundo hiyo. Mwanafunzi aliyekulia kwenye ngoma atakuta hapo ugumu wa kweli, na pia kitu anachokijua.

## Maumivu si ushujaa

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Uchovu wa misuli baada ya kazi ni wa kawaida. Maumivu makali, ganzi, au kidole kinachojikunja chenyewe si vya kawaida.

Leon Fleisher wa Marekani alikuwa katikati ya miaka yake ya thelathini, akiwa miongoni mwa wapiga piano bora wa kizazi chake, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilipoanza kujikunja. Kwa miongo mitatu hivi alipiga muziki wa mkono wa kushoto, akafundisha na kuongoza okestra. Alirudi kupiga kwa mikono miwili baada ya matibabu ya miaka mingi, na albamu yake ya mikono miwili ilitoka mwaka 2004. Muziki wa mkono wa kushoto aliupata kwa sehemu kwa sababu ya mtu mwingine aliyeumia. Paul Wittgenstein alipoteza mkono wa kulia katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na Ravel akamwandikia koncheto.

Fuata haya:

- Pumzika dakika kumi baada ya kila dakika 40 au 50.
- Kaa kwa urefu ambao kiwiko kiko sawa na vibao. Stuli ya jikoni haifai.
- Mabega yakipanda, simama. Hakuna sauti nzuri inayotoka kwenye bega lililokazwa.
- Ukiumia zaidi ya siku mbili, acha kupiga na umwone daktari. Usinunue dawa ya kutuliza maumivu ili uendelee.

## Kukariri

Anayetegemea vidole pekee ni kama mtu anayejua njia moja tu ya kwenda kwao: ikifungwa, amepotea. Kukariri kunahitaji vidole, sikio, macho, na zaidi ya yote ufahamu wa akodi zinavyokwenda.

- Gawanya kipande katika vituo, na uweze kuanzia kituo chochote ukitajiwa namba.
- Piga mkono wa kushoto peke yake bila nota. Huo ndio mtihani wa kweli.
- Lala kitandani, upitie kipande kichwani. Pale unapokwama ndipo usipopajua.

Kuna filamu fupi ya mpiga piano Maria João Pires ukumbini Concertgebouw, Amsterdam, iliyopigwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Okestra chini ya Riccardo Chailly inaanza koncheto namba 20 ya Mozart, naye Pires alikuwa ameandaa nyingine. Uso unambadilika, watu wamejaa ukumbini. Chailly anamtia moyo huku muziki ukiendelea, na zamu ya Pires inapofika anapiga yote kwa kumbukumbu. Itazameni. Aliweza kwa sababu aliijua koncheto ile kwa masikio na akili, si kwa vidole tu.

Na ukishindwa kukariri? Weka nota mbele yako, ugeuze kurasa. Richter katika miaka yake ya mwisho alipiga akisoma nota chini ya taa ndogo, na watu walijaza kumbi kumsikiliza.

## Mashindano

Yana faida. Yanakulazimisha kuandaa muziki mwingi, na majaji husikia. Lakini ushindi si ajira.

Van Cliburn alishinda mashindano ya Tchaikovsky mjini Moscow mwaka 1958 akiwa na miaka 23, akawa maarufu kuliko alivyotarajia. Kila ukumbi ulimtaka apige zile zile koncheto, na mwaka 1978 alijiondoa jukwaani kwa miaka mingi. Ivo Pogorelich aliondolewa kabla ya fainali ya mashindano ya Chopin mjini Warsaw mwaka 1980. Argerich alijiuzulu ujaji kwa kupinga uamuzi huo, na aliyeondolewa akapata jina kubwa. Brendel alishika nafasi ya nne mjini Bolzano mwaka 1949, akaendelea kupiga jukwaani hadi 2008.

Ingia mashindano ukiwa na muziki mwingi kuliko wanaoutaka. Ukiwa na programu moja tu uliyoinoa kwa miaka miwili, hata ukishinda hutakuwa na cha kupiga msimu unaofuata.

## Kusoma nje, na pesa

Vyuo vingi vya muziki vya Ulaya huomba video kwanza, kisha usaili wa ana kwa ana. Andaa preludi na fuga ya Bach, sonata ya Haydn, Mozart au Beethoven, etudi moja au mbili, kipande kikubwa cha karne ya 19, na kimoja cha karne ya 20 au cha sasa.

Ujerumani, vyuo vya serikali katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, ila Baden-Württemberg hutoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Usidanganywe na neno "bure": utatakiwa kuonyesha zaidi ya euro 11,000 kwa mwaka za kujikimu, na kujua Kijerumani. Anza lugha miaka miwili kabla.

Kuhusu kipato, wanaoishi kwa maonyesho ya peke yao ni wachache sana, hata huko Ulaya. Wengine huchanganya kazi hizi:

- kufundisha;
- kusindikiza waimbaji na wapiga ala nyingine;
- kupiga na kufunza kwaya;
- kupigia madarasa ya dansi;
- kupiga hotelini na kwenye sherehe.

Usidharau kusindikiza. Gerald Moore wa Uingereza hakuwa mpiga piano wa peke yake. Aliwasindikiza waimbaji wakubwa wa zama zake, akaaga jukwaa mwaka 1967 katika ukumbi wa Royal Festival Hall mjini London, huku Elisabeth Schwarzkopf, Victoria de los Ángeles na Dietrich Fischer-Dieskau wakimwimbia. Kwa kijana wa Afrika Mashariki mwenye sikio la kwaya, hii ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote, na ndiyo ninayopendekeza.

Mzazi, kabla ya kununua chochote, mtafute mwalimu na umwombe akupigie Bach. Kijana, usiku wa leo jirekodi ukipiga ukurasa mmoja, usikilize mara tatu, uandike mambo mawili unayotaka yabadilike kesho. Ukishakuwa na daftari la miezi mitatu la namna hiyo, niandikie, na tutazungumza kuhusu kasi.